Gome la Mwerebi: Kasisi Edward Stone na Dawa ya Baridi Yabisi

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaufahamu mwerebi kwa jina, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kuushika kwa mkono. Unatajwa katika Mambo ya Walawi 23:40, ambapo Waisraeli waliagizwa kuchukua matawi yake katika Sikukuu ya Vibanda, na tena katika Isaya 44:4, ambapo unasimama kama mfano wa kitu kinachostawi kando ya maji. Wafasiri wengi wa Ulaya waliuweka mti huohuo katika Zaburi ya 137, pale wahamishwa walipotundika vinubi vyao. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea aliyekuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri huko Sweden, aliupa mwerebi mmoja jina la Kilatini la Salix babylonica kwa ajili ya zaburi hiyo. Alikosea mara mbili: mti wa Babeli yaelekea ulikuwa wa aina nyingine, na mwerebi aliouita wa Babeli asili yake ni China. Tunalitaja kosa hilo mapema kwa sababu historia tunayotaka kuieleza imejaa watu waliofika mahali pazuri kwa kushika njia isiyo sahihi.

Katika makala hii tunakusudia kufuata gome la mti huo, tangu mikononi mwa kasisi mmoja wa kijijini Uingereza katika karne ya 18 hadi kidonge cheupe kinachouzwa leo katika kila duka la dawa. Shabaha yetu si kuwafundisha wachungaji uganga. Ni kuonyesha jinsi watu wa kanisa walivyoshiriki katika kazi hii, mawazo gani ya kitheolojia waliyoyabeba, na ni wapi mawazo hayo yaliwasaidia au kuwapotosha.

Jina la ugonjwa

Kabla ya dawa, tuseme neno juu ya maradhi. Waswahili huyaita maumivu ya viungo baridi yabisi, na jina hilo lenyewe ni kipande cha historia. Yabisi ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kitu kikavu na kigumu. Ubaridi na ukavu ni sifa mbili ambazo tabibu Galeni na waliomfuata, Wayunani kwa Waarabu, walizitumia kueleza hali za mwili. Kwa mafundisho yao mwili una majimaji manne, na mojawapo, nyongo nyeusi, ni baridi na kavu kwa tabia yake. Elimu hiyo ilipita Aleksandria na Baghdad, na alama yake ingalipo katika msamiati wa pwani yetu. Bibi anayesema ana baridi yabisi anazungumza, bila kujua, lugha ya matabibu wa zamani sana.

Lakini jina hilo moja limefunika magonjwa mengi. Liko jongo, linalotokana na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya katika kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Uko uchakavu wa viungo vya wazee. Uko ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuvila viungo vyenyewe, ukaiharibu mikono ya watu wazima wangali na nguvu. Tena iko homa ya baridi yabisi, ambayo hushika zaidi watoto wa kati ya miaka 5 na 15, wiki mbili au tatu baada ya maumivu ya koo. Magonjwa haya yote huleta uvimbe, moto na maumivu, na kwa hiyo dawa inayotuliza uvimbe huonekana kuyatibu yote. Hapo ndipo penye mtego, nasi tutaurudia.

Juu ya jongo tutasema machache tu, kwa kuwa mmea wake ni mwingine. Tabibu Aleksanda wa Trales, katika karne ya 6, alieleza matumizi ya kiazi cha mmea wa jamii ya Colchicum kwa maumivu ya jongo, na mwaka 1820 wafamasia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitoa katika mmea wa jamii hiyo dawa iitwayo kolchisini. Ingali inatumika hadi leo. Ni dawa yenye nguvu na yenye sumu. Kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua havikai mbali.

Barua ya tarehe 25 Aprili 1763

Edward Stone alizaliwa mwaka 1702 huko Princes Risborough, akasoma katika Chuo cha Wadham, Oxford, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Maisha yake ya baadaye aliyapitisha Chipping Norton, mji mdogo wa wilaya ya Oxford. Hakuwa tabibu. Alikuwa mmoja wa wale makasisi wa karne ile waliohubiri Jumapili na siku nyingine kupima mvua, kuhesabu nyota au kukausha majani.

Yapata mwaka 1757 alionja gome la mwerebi, kwa bahati kama anavyosimulia mwenyewe, akashangazwa na uchungu wake. Ladha ile ilimkumbusha gome la Peru, yaani gome la mkwinini, ambalo wakati huo lilikuwa dawa pekee ya kutegemewa dhidi ya homa za vipindi, zile tuziitazo leo malaria. Msomaji asishangae kusikia juu ya malaria Uingereza. Mabonde yenye maji ya nchi ile yalikuwa na ugonjwa huo hata karne ya 19. Gome la Peru liliagizwa kutoka mbali na bei yake ilikuwa kubwa. Zaidi ya hayo lilikuwa limefika Ulaya kwa mikono ya Wajesuiti, likaitwa unga wa Wajesuiti, na Waprotestanti wengi wa karne ya 17 waliliogopa kwa sababu hiyo tu. (Baadaye Wajerumani waliupanda mkwinini katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Hivyo mti uliowatisha baba zetu wa Kiprotestanti ulipata makao katika milima ambayo sharika zake ni za Kilutheri.)

Stone alipata wazo kwamba kama ladha inafanana, huenda na nguvu inafanana. Akakusanya gome kiasi cha ratili moja, akalitia mfukoni na kulitundika nje ya tanuri ya mwoka mikate kwa zaidi ya miezi 3 mpaka likakauka kabisa, kisha akalitwanga na kulichekecha. Akaanza kuwapa wagonjwa wa homa unga huo kidogo sana, katika maji au chai au pombe nyepesi, akiongeza taratibu huku akiangalia. Alifanya hivyo kwa miaka kama 5, kwa watu wapatao 50. Ndipo akamwandikia Lodi Macclesfield, rais wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London. Barua ilisomwa mbele ya chama tarehe 2 Juni 1763 na kuchapishwa katika jarida lake, Philosophical Transactions. Mchapaji alikosea jina: badala ya Edward aliandika Edmund, na kwa muda mrefu vitabu vilimkumbuka kasisi huyu kwa jina lisilo lake.

Yafaa tuitazame barua hiyo kwa makini, kwa sababu ina vitu viwili ambavyo havilingani. Cha kwanza ni hoja yake. Stone aliamini kwamba magonjwa mengi huja pamoja na dawa zake, na kwamba Mungu kwa uangalizi wake ameweka dawa karibu na chanzo cha ugonjwa. Homa hutoka mahali penye majimaji. Mwerebi humea mahali penye majimaji. Basi mwerebi unafaa kwa homa. Wazo hili ni ndugu wa fundisho la alama, ambalo Parasesi alilieneza katika karne ya 16, na ambalo Jakob Böhme, fundi viatu wa Kilutheri wa Görlitz, alilipa sura ya kiroho katika kitabu alichokiandika mwaka 1622. Kwa mujibu wa fundisho hilo Muumba ameutia kila mmea chapa inayoonyesha kazi yake: jani lenye umbo la pafu ni la mapafu, na kokwa yenye mikunjo kama ubongo ni ya kichwa.

Cha pili ni mwenendo wake. Stone hakuridhika na alama. Alipima uzito, alisubiri miezi mitatu, alianza na kipimo kidogo asije akamdhuru mtu, na alihesabu. Tena, jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, aliandika pale aliposhindwa. Alikiri kwamba homa chache za majira ya kupukutika majani, na zile zirudizo kila siku ya nne, hazikuondoka kwa gome lake peke yake, ikambidi achanganye sehemu moja ya tano ya gome la Peru.

Leo twajua sababu ya kushindwa huko. Kiini cha gome la mwerebi huteremsha joto la mwili na kupunguza maumivu, lakini hakiui vijidudu vya malaria, na kwinini huviua. Wagonjwa wengi wa Stone walipata nafuu kwa sababu homa yao ilishuka, na huenda wengine walikuwa na homa ambayo ingeondoka yenyewe. Kama angewaficha wale walioshindikana, barua yake ingekuwa safi zaidi, na ingetufaa kidogo zaidi.

Na hoja yake ya majimaji je? Haina msingi. Mwerebi una uchungu ule kwa ajili ya kujilinda na wadudu na wanyama walao majani yake. Hata hivyo hatuwezi kuificha kweli ya kwamba bila hoja ile mbovu kasisi yule asingalitundika mfuko wake kwenye tanuri. Tunawaachia walimu wa dogmatiki swali hilo, kwa maana kanuni ya imani kwamba Mungu ameumba dawa kutoka ardhini, kama Yoshua bin Sira anavyofundisha katika sura ya 38, haimaanishi kwamba ameandika maelekezo ya matumizi juu ya majani.

Kutoka gome hadi kioo

Miaka zaidi ya 60 ilipita. Mwaka 1828 Johann Andreas Buchner, profesa wa Munich, alipata katika gome la mwerebi kitu cha manjano chenye uchungu, akakiita salisini, kutokana na Salix, jina la Kilatini la mti huo. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Leroux alikipata kikiwa safi zaidi: kilo moja na nusu ya gome ikatoa gramu kama 30. Mwaka 1838 Mwitaliano Raffaele Piria aliigeuza salisini kuwa asidi ya salisili. Asidi iyo hiyo ilikuwa imeonekana katika ua moja la mabonde ya Ulaya liitwalo kwa Kilatini Spiraea, na jina la ua hilo tutalikuta tena. Hermann Kolbe alipobuni njia ya kuitengeneza bila mmea wowote, Friedrich von Heyden alifungua kiwanda karibu na Dresden mwaka 1874, bei ikashuka mno, na gome likaachwa.

Kufikia hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa utaratibu kwamba dawa hii inafaa kwa viungo. Dioskoride, tabibu wa karne ya kwanza, alikwisha kusema kwamba maji ya mwerebi uliochemshwa yanafaa kukandia jongo. Lakini wa kwanza kuipima salisini katika homa ya baridi yabisi alikuwa Thomas John Maclagan, daktari wa Dundee huko Uskoti. Mwaka 1874 alikuwa na wagonjwa waliolala wiki nyingi wasiweze kugeuka kitandani, viungo vimevimba, hata uzito wa shuka ukiwaumiza. Hospitali nyingi zilikuwa na njia ya kungoja tu. Maclagan alijipa salisini mwenyewe kwanza, akiongeza kipimo, na alipoona haijamdhuru ndipo akampa mgonjwa. Joto lilishuka, maumivu yakapungua. Mwezi Machi 1876 alitangaza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 8. Miezi michache kabla yake, Berlin, Franz Stricker na Ludwig Riess walikuwa wamefika penye matokeo kama hayo kwa asidi ya salisili, na mwaka 1877 Germain Sée wa Paris aliongeza magonjwa ya viungo ya muda mrefu na jongo.

Kinachotushangaza ni hoja ya Maclagan. Yeye, mtu wa kipimajoto na wa hospitali ya kisasa, aliwaza vilevile kama Stone: baridi yabisi hupatikana zaidi penye ubaridi na majimaji, basi dawa yake itafutwe katika mimea ya mahali pa jinsi hiyo. Kwa mara ya pili hoja isiyo sahihi ikampeleka mtu mwangalifu kwenye mti uliofaa. Tungependa kusema kwamba mara mbili ni ushuhuda; lakini wale walioifuata hoja hiyohiyo kwenye mimea isiyofaa hawakuandikiwa makala.

Mwaka huohuo wa 1876 ilifika Lancet habari kutoka Afrika. Daktari mmoja aitwaye Ensor, aliyekuwa Hopetown katika Koloni ya Rasi, karibu na mto Orange, alieleza kwamba aliwahi kuwa na mgonjwa wa baridi yabisi ambaye hakupata nafuu mikononi mwake. Mzee mmoja wa Kikhoikhoi, mchunga kondoo, alimtibu mtu huyo kwa maji ya ncha za matawi ya mwerebi wa mtoni. Kusini mwa Afrika ina mwerebi wake wa asili, na ndugu zake humea kandokando ya mito hata Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo maarifa ambayo Dundee iliyatangaza kuwa mapya yalikuwa ya kawaida kwa wachungaji wa mto Orange. Daktari amekumbukwa kwa jina. Mzee hakuandikwa jina.

Habari ya majina

Asidi ya salisili ilituliza viungo, lakini ilichoma tumbo na kuleta mvumo masikioni, na wagonjwa waliotakiwa kuinywa kwa miezi walishindwa. Mkemia Charles Gerhardt alikuwa ameibadili kidogo mwaka 1853 bila kupata kitu safi. Tarehe 10 Agosti 1897, katika maabara ya kampuni ya Bayer, Felix Hoffmann aliandika katika daftari lake kwamba amepata asidi ya asetilisalisili iliyo safi. Mwaka 1899 ikapewa jina la kibiashara, Aspirin: herufi ya kwanza inatokana na neno asetili, na sehemu ya katikati inatokana na lile ua la Spiraea. Mwerebi haukupata hata herufi.

Husimuliwa kwamba Hoffmann aliifanya kazi hiyo kwa huruma juu ya baba yake mzee aliyeteswa na baridi yabisi. Ni hadithi nzuri, na tumeisikia hata katika mahubiri. Lakini ilichapishwa kwanza mwaka 1934, miaka 37 baada ya tukio, na yatupasa kuuliza ilichapishwa katika nchi gani na katika mwaka gani wa utawala gani. Aliyekuwa ameelekeza kazi ile, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Arthur Eichengrün, mkemia aliyeingia Bayer mwaka 1896. Eichengrün alikuwa Myahudi. Alisema kwamba Hoffmann alitengeneza dawa hiyo kwa agizo lake bila kuambiwa kusudi, na kwamba Heinrich Dreser, mkuu wa majaribio, aliikataa kwa kuhofia moyo, hata yeye Eichengrün akaijaribu mwilini mwake na kuipeleka kwa siri kwa matabibu wa Berlin. Mwaka 1938 alilazimishwa kuiachia kampuni aliyokuwa ameiunda mwenyewe. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 76, alipelekwa katika kambi ya Theresienstadt, akakaa humo mpaka ilipokombolewa mwaka 1945. Aliandika madai yake alipokuwa kambini, akayachapisha mwaka 1949 katika jarida la wafamasia, akafa Desemba ya mwaka huohuo.

Hakuna aliyemjali kwa miaka 50. Mwaka 2000 Walter Sneader wa Glasgow aliyapitia madaftari na barua, akatoa katika jarida la madaktari la Uingereza hukumu kwamba maelezo ya Eichengrün yanaaminika. Kampuni ilipinga. Sisi tunaona hoja za Sneader zina uzito, hasa kwa kuwa Hoffmann alitengeneza siku chache tu baadaye kemikali nyingine kwa njia hiyohiyo ya kuongeza asetili, ishara ya mpango wa maabara nzima kuliko ya mwana mmoja mwenye huruma. Nasi tulioipokea Injili kwa mikono ya wamisionari wa Kijerumani, na ambao zahanati zetu za kwanza zilijengwa nao, tuna sababu ya kujali ni nani aliyefutwa katika kumbukumbu za nchi ile na kwa nini.

Dawa inafanya nini

Ilichukua hadi mwaka 1971 kujua aspirini inafanyaje kazi. John Vane wa London alionyesha kwamba inauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo huleta uvimbe, moto na maumivu. Alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo, na hiyo ndiyo sababu ya vidonda na kutokwa damu kwa mtu anayezinywa dawa za namna hii mfululizo. Mzee anayetumia diklofenaki kutoka dukani asubuhi na aspirini jioni, kisha jioni hiyohiyo mchemsho wa mizizi asioujua una nini, anaubeba mzigo huo mara mbili au tatu.

Uvumbuzi wa Vane unaonyesha pia mpaka wa dawa. Kuzuia prostaglandini ni kunyamazisha kengele, na moto unaweza kuendelea chini yake. Katika ugonjwa wa kinga kuvila viungo, aspirini hupunguza maumivu huku mifupa ikiendelea kulika. Ni dawa nyingine, kama methotreksati, zinazouchelewesha ulaji huo. Katika homa ya baridi yabisi jambo ni zito zaidi. Ugonjwa huo huanza na kijidudu cha streptokoko kooni. Mwili ukipigana nacho hushambulia pia viungo na moyo wake wenyewe. Maumivu huhama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, kisha huondoka bila kuacha alama. Yanayobaki yako katika vali za moyo. Aspirini haizikingi, na gome la mwerebi halikuzikinga. Kinachozikinga ni penisilini: kwanza kwa koo lenyewe, kisha, kwa mtoto aliyekwisha kuugua, sindano ya kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi.

Mimea mingine tutaipita haraka. Katika mchanga wa Kalahari humea Harpagophytum, ambao Wasan na majirani zao wametumia mizizi yake tangu zamani. Mlowezi wa Kijerumani aitwaye Mehnert aliupata kwa mganga wa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na leo Namibia huuza nje mizizi hiyo kwa wingi kwa ajili ya wazee wa Ulaya wenye maumivu ya viungo. Jina la mganga, tena, halimo katika vitabu. Tangawizi na manjano ya jikoni kwetu yana kemikali ambazo katika maabara hupunguza uvimbe, ingawa kwa mgonjwa nafuu yake ni ya kiasi. Hapa Tanzania uchunguzi wa mitishamba ulipewa kitengo chake Muhimbili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikapitishwa mwaka 2002. Kazi hiyo twaiheshimu, na hatuoni kwamba mchungaji anapaswa kumtazama bibi mwenye mizizi kama adui wa Injili.

Lakini kuna jambo tunalopaswa kulisema juu yetu wenyewe. Katika usharika mmoja tuliowahi kuuhudumia aliletwa msichana wa miaka 9, goti limevimba, hawezi kukanyaga. Siku ya tatu goti lilipona na kifundo kikavimba. Bibi yake alimchemshia mizizi. Sisi tulimwekea mikono na kumwombea. Baada ya wiki tatu alikuja kanisani kwa miguu yake. Familia ilitoa sadaka ya shukrani, nasi tukasimama mbele ya madhabahu tukatangaza kwamba amepona. Bibi aliamini ni mizizi, usharika uliamini ni maombi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwongo: viungo vilikuwa vimepona kweli. Baada ya miaka miwili alianza kuhema akipanda mlima wa kwenda shule. Daktari aliyemsikiliza kifua alituuliza kama aliwahi kuvimba viungo, tukajibu kwamba ndiyo, lakini alipona. Hakumaliza shule ya msingi.

Stone aliandika wale walioshindikana. Sisi tulikuwa tumeandika katika kitabu cha usharika shukrani tu, na tarehe yake. Mwinjilisti aliyekuwa nasi wakati ule bado yuko kazini. Anapoitiwa mtoto mwenye viungo vilivyovimba bado huomba, na bibi bado wanachemsha. Lakini kabla ya yote humwuliza mama kama mtoto aliumwa koo katika wiki zilizotangulia, na akijibiwa ndiyo, huazima baiskeli.